Kuchakuro Si Panya

Kuchakuro si panya. Ni kindi wa ardhini, ana mkia wenye manyoya, anatembea mchana kweupe, anakula mahindi na karanga, na nyama yake ni tamu. Nimeshalisema hili harusini, nimelisema kwenye basi, nimemwambia hata mume wangu, na kila mara sauti hunipanda kuliko nilivyokusudia. Wanaonisikia hucheka. Wacheke tu.

Tulikuwa tunakaa Nangara, mimi na mama, Manyara ilipofanywa mkoa na Babati ikawa makao makuu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Watumishi waliohamishiwa walikuwa wengi kuliko nyumba zilizokuwepo, kwa hiyo kila mwenye chumba cha ziada alipata mpangaji. Sisi tulimpata afisa mmoja wa makamo, ametoka mkoa wa mbali, suruali zimenyooshwa mpaka zina makali. Mama alikuwa mama lishe. Banda lake la mabati lilikuwa jirani na maofisi, na mchana watumishi walijaa pale kwa wali na samaki wa ziwani. Baba alikuwa amefariki, na banda lile ndilo lililotulisha na kunisomesha. Mama alilipenda pia. Alfajiri alikuwa anachagua mchele huku anaimba.

Nyuma ya nyumba tulipanda mahindi na mbaazi. Mvua za kwanza zikinyesha unapanda, na asubuhi ya pili unakuta kuchakuro amefuata mstari wako, amefukua shimo baada ya shimo na kuacha maganda. Huwezi kumwonea huruma mnyama wa namna hiyo. Mimi ndiye niliyewawinda, kwa sababu nilikuwa na hasira nao na nilikuwa na mbwa mzuri. Unazunguka kichuguu unaziba matundu yote, unabakiza mawili. Kwenye moja unachoma mavi makavu ya ng'ombe na kupuliza moshi uingie ndani. Kwenye la pili unasubiri na fimbo, mbwa kando yako, wala hupepesi macho.

Mama alinifundisha kumwandaa. Humchuni ngozi. Unambabua motoni manyoya yaishe, unamkwangua kwa kisu mpaka awe mweupe, unampasua, kisha unatoa vitezi vidogo vya kwapani, maana ukiviacha nyama yote inanuka. Unamchemsha na chumvi mpaka alainike, ndipo unamkaanga na kitunguu na nyanya. Hiyo ilikuwa mboga yetu ya nyumbani. Bandani haikufika hata siku moja, na ilikuwa na sufuria yake, haikuchanganywa na nyingine.

Jumapili moja afisa wetu alikuwa amekaa barazani, na kwa desturi yetu huwezi kula huku mtu anakutazama. Mama akamkaribisha. Akanawa, akala, akamega ugali tena na tena, akafyonza hadi vifupa.

"Mama, hii ni nyama gani? Tamu sana."

"Kuchakuro, baba."

"Aa, kuchakuro," akasema, akitikisa kichwa kama mtu aliyekula kuchakuro tangu utotoni. Akaongeza kwamba ndege wa huku wana mifupa migumu. Mimi nilidhani anatania. Mama alimwongezea mchuzi.

Angeuliza tu. Neno hulijui, uliza, hakuna atakayekuvua suruali zako. Hakuuliza, na Jumatatu akaenda kujisifu ofisini kwamba amekula ndege anayeitwa kuchakuro, nyama nzuri ajabu. Wenzake, waliokuwa wanamjua mnyama huyo, walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakamwambia amelishwa panya. Yeye, ili kicheko kimtoke, akakigeuza kwetu: ni kweli, mwenye nyumba wake kamlisha panya bila kumwambia. Bila kumwambia, wakati aliambiwa nami nikisikia.

Siku zile maofisi yote yalikuwa kama nyumba moja, na maneno yalifika kabla ya chakula cha mchana. Meza za mama zikaanza kupungua watu. Waliokuja waligeuzageuza samaki kwa kijiko kana kwamba wanatafuta mkia. Mwenye duka la vyombo ng'ambo ya barabara, Mwislamu aliyekuwa akila kwa mama kila siku, ndiye pekee aliyekuja kuuliza kwa adabu.

"Dada, nisamehe, nimesikia maneno. Sufuria ni hizi hizi?"

Mama akamweleza ukweli wote. Akamwamini, akakaa akala mbele za watu. Hata yeye hakutosha. Wali ulirudi nyumbani tukaula sisi na mbwa, na mwisho mama akafunga banda, mabati akauza.

Nilimvizia yule afisa mlangoni kwake. Shikamoo nilimpa, kwa sababu nililelewa. Nikamwuliza kwa nini alisema hakuambiwa.

"Binti, ule ulikuwa utani tu," akasema, na akacheka. "Watu wa ofisini tunataniana. Mama yako ni mtu mzima, ataelewa."

Utani una wenyewe na una mipaka yake. Utani na mtu ambaye hayupo kujibu, ambaye riziki yake ndiyo unayoichezea, mimi sijui unaitwaje, lakini utani si jina lake. Nilimwambia hivyo. Akasema nina mdomo mchafu, na haukupita muda akahamia nyumba nzuri zaidi. Aliondoka ameaga vizuri. Mama alimsindikiza hadi njiani, na nilimkasirikia kwa hilo pia.

Mvua zilizofuata nikapata kuchakuro wawili, wanono. Nikamletea mama uani, nikampa kisu. Hakukipokea.

"Watupe hao panya," akasema.

Nikamwuliza amewaitaje. Alikuwa anatazama ua, kuona nani anapita. Nilitamani kupiga kelele, si kwake, ila yeye ndiye aliyekuwepo. Nikawasha moto mwenyewe, nikawababua, nikawakwangua, nikatoa vitezi, nikaweka sufuria jikoni. Harufu ilipoanza kutoka, mama aliinuka, akafunga dirisha la jiko, kisha akaurudisha mlango kwa nje, mimi nikiwa ndani na moshi. Jirani alikuwa anapita. Nikamsikia akimsalimia mama na kumwuliza tunapika nini leo.

"Maharage," mama akasema.