Kipa wa Bi Mwatima

Watu wa Jeddah waliposikia klabu yetu imepata Mbrazili, walikuja mazoezini kwa magari. Walitaka chenga, walitaka visigino, walitaka mtu wa kupiga mpira kwa mgongo ukaingia golini. Akashuka jamaa mrefu, mwembamba, masikio makubwa, akawapita wote bila ya kutazama mtu, akaenda kusimama baina ya nguzo mbili na kuanza kulipima goli kwa hatua. Kipa! Wengine waligeuza magari hapo hapo wakarudi makwao. Walijiona kama wameagiza pilau wakaletewa ndimu.

Jina lake Josivaldo. Mama yangu, Bi Mwatima, alijaribu kulitamka mara moja, likamshinda, akasema, "Huyu Yusufu, halas, basi." Tangu siku ile, ndani ya nyumba yetu, Mbrazili akawa Yusufu, na akiitwa hivyo huitika.

Mimi naitwa Vuai. Nimezaliwa Jeddah, lakini nyumbani kwetu mtaa wa Safa husemwa Kiunguja tu, maana wazee wangu walipohama baada ya mwaka sitini na nne walikuja na masanduku mawili na lugha, na masanduku yenyewe yalikwishaoza zamani. Pale klabuni mimi ni mtunza vifaa. Natunza jezi, mipira, koni, na manung'uniko ya wachezaji, ambayo ndiyo mengi kuliko vyote.

Yusufu alizaliwa mji mdogo wa bara, kaskazini mashariki ya Brazili. Baba yake alikuwa fundi wa magodoro, na mwenyewe husema ndiyo maana hakuwahi kuogopa kuanguka. Kwao alichezea timu saba, na tano katika hizo zilishuka daraja. Ukimuuliza kwa nini, atakueleza makosa ya mabeki mmoja mmoja, kwa majina, mpaka chai ipoe. Mwaka 2013 akaletwa Riyadh na klabu ya daraja la pili, akapewa chumba mtaa wa Murabba pamoja na wapishi na madereva, na hao ndio waliomfundisha Kiarabu. Alijua kusema "yalla", "mafi mushkila", yaani hakuna tabu, na namna kumi na mbili za kuomba mchuzi uongezwe. Misimu mitatu alidaka huko, kisha akahamia kwetu.

Klabu ilikuwa bado inamtafutia nyumba, nikamleta kwetu akae wiki moja kwenye chumba cha nje chenye mlango wake. Siku ya kwanza mama alimpelekea muhogo wa nazi. Yusufu akala, akamaliza, akakaa na sahani tupu mapajani. Kumbe kwao nako watu wamelelewa kwa muhogo na nazi. Wiki ile ikageuka miaka minane.

Tatizo lake lilikuwa moja, nalo ni umri. Alipofika alisema ana miaka thelathini na sita. Mwaka wa pili nikamuuliza, bado thelathini na sita. Wa tatu, thelathini na sita ile ile. Mimi ndiye niliyepeleka karatasi zake za ikama, kile kibali cha ukaazi, kwa hivyo nilijua kuwa serikali ya Saudia ina hesabu tofauti. Mama naye hakudanganyika, akawa anamtania: "Yusufu, kwenu mwaka mpya hauji?" Yeye hucheka, akaenda zake kupaka nywele rangi.

Basi ikafika mwisho wa msimu wa 2019. Mwenyekiti wetu, Bwana Saif, mtu mpole asiyependa maneno marefu, alimwita na kumwambia wazi. Mechi ya mwisho ni Ijumaa. Akidaka vizuri atapewa msimu mmoja zaidi golini. Akidaka vibaya, klabu itabaki kuwa kafili wake, yaani mdhamini wa kukaa kwake nchini, lakini atakuwa kocha wa makipa.

Wewe na mimi tungeona hiyo ni bahati, kukosa huku unapata. Yusufu aliona amehukumiwa. "Vuai," aliniambia ndani ya gari, "kocha wa makipa ni kipa aliyekatazwa kugusa mpira." Wiki nzima hakutania mtu. Alikuwa akitaka msimu mmoja tu zaidi, na alivyokuwa akiutaka, ulikuwa ukimwonea huruma na kumwonea aibu kwa pamoja.

Alhamisi alifungua glavu mpya, nyeupe pepepe. Makipa huzilowesha kidogo glavu mpya ili kiganja kinate, basi akazilowesha, akazitundika dirishani, akaenda kulala alasiri yake. Na Alhamisi, nyumbani kwetu, ni siku ya Bi Mwatima kutayarisha nguo za Ijumaa. Hufua cheupe chochote atakachokiona: kanzu zangu, kofia, mashuka. Akapita uani, akaona vitu vyeupe vimelowa, vinachuruzika maji, vya mtu ambaye Ijumaa yake ni ya mpira tu lakini ni mtoto wa nyumba. Ungemtaka apite aviwache?

Akazifua. Akazitia wanga. Akazianika, akazipiga pasi juu ya kitambaa, upande huu na upande huu, kisha akazifukiza udi kwenye chetezo. Akazikunja, akazitia ndani ya mkoba wa Yusufu bila ya kusema neno, kama anavyonifanyia mimi tangu nilipokuwa mdogo.

Ijumaa alasiri, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Yusufu alifungua mkoba. Harufu ya udi ikajaa chumba kizima, wachezaji wakaanza kuuliza nani anaoa. Akazitoa. Zilikuwa zimekakamaa, zimesimama zenyewe. Kile kiganja cha sponji kilichotakiwa kunata kiling'aa kwa pasi, na nilipopitisha kidole kikateleza moja kwa moja mpaka kwenye kifundo.

"Mama?" aliniuliza.

"Mama," nikasema.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na desturi ya kuweka jozi moja tu ya glavu, akiamini jozi mbili huoneana wivu, na za mtu mwingine hakuwahi kuzivaa. Nikakumbuka zile kuukuu zipo nyumbani, nikachukua ufunguo wa gari nikakimbia, mechi haijaanza.

Mama nilimkuta sebuleni anasikiliza redio. Sikutaka kumtia kiwewe, nikamuuliza kwa upole: "Mama, zile glavu za zamani za Yusufu ziko wapi?"

"Zile mbovu? Nshampa Damaris. Kwani vipi?"

Damaris ni Mkenya, anafanya kazi nyumba ya jirani. Nikagonga geti lao, akatoka anajifuta mikono; mimi huniita kwa jina la binti yangu.

"Aki Baba Lina, hizo gloves? Si mimi hushikia nazo sufuria ya madam! Ziko poa sana, moto haupiti." Akaenda akaniletea. Zilinuka vitunguu, na moja dole gumba lilikuwa limeungua likaisha. "Kwani kuna shida? Sasa mbona umekimbia hivyo?"

Nikamweleza kwa maneno matatu, nikaruka ndani ya gari. Lakini Ijumaa alasiri Jeddah yote iko barabarani, inapeleka watoto pwani. Nilipofika uwanjani zilibaki dakika chache, ubao unasema tumefungwa nne bila. Yusufu yuko golini ameinama, mikono magotini. Nilikaa kwenye benchi na zile glavu za vitunguu mapajani. Sikumuuliza mtu chochote. Mwenye hatia huwa hana hamu ya maelezo.

Siku ya pili Bwana Saif alituita sote wawili ofisini. Kwa haki yake, hakupiga kelele. Alisema amemwona Yusufu akidaka miaka mitatu, na mtu hawi mbovu kwa siku moja. Kama kuna sababu, aseme, naye ataisikiliza.

Nilimtazama Yusufu. Yusufu akanitazama mimi, akageuka kwa mwenyekiti, akasema kwa Kiarabu chake cha Murabba: "Mafi sababu. Mikono imezeeka."

Nami nilikuwepo pale na ulimi wangu mzima. Ningesema neno moja, wanga, na pengine mwanamume yule angepata msimu wake. Sikusema. Nilimwona mama yangu akichekwa na klabu nzima, nikafunga mdomo. Nasema wazi: nilikuwa mwoga, na niliona haya mwaka baada ya mwaka.

Akatia saini ya ukocha. Wiki ile ile mama akajua, maana siri niliyompa Damaris haikukaa upande wake wa ukuta. Mama alifanya mambo mawili tu. Aliacha kugusa nguo yoyote ya Yusufu, hata soksi ikiangushwa na upepo aliipita. Na kila alipopika samaki, kichwa, ambacho tangu nijue dunia kilikuwa changu, kilikwenda kwa Yusufu. Mimi, mtoto wake wa kumzaa, nikawa wa mkia.

Na ukocha ukamkubali, apende asipende. Hakuweza kukaa kwenye benchi. Alisimama nyuma ya goli na kudaka kila mpira pamoja na kipa wake, akiruka kushoto na kulia mikono mitupu, hata mashabiki wakawa wanamtazama yeye badala ya mechi. Waamuzi walimfukuza mara tatu kwa kosa hilo. Mwaka wa korona alifundisha kwa simu, vijana wakirukia makochi ya sebuleni kwao, mpaka mama wa kipa wetu wa kwanza, Faris, akapiga simu klabuni kulalamikia kochi lake. Faris huyo alikuwa akiogopa mipira ya juu. Baada ya misimu miwili akaitwa na timu kubwa. Alipoondoka, Yusufu alijifungia chumbani mchana kutwa, akidai ana mafua.

Mwaka jana Riyadh walimtaka tena, safari hii awe mkuu wa makocha wa makipa, na nyumba yake mtaa wa Nasim. Siku ya kuondoka mama alipika chakula cha mchana cha kuagana. Sisi kwetu mtu hasafiri mpaka watu wawiane radhi, wala si jambo la maneno mengi. Unasema niwie radhi, anasema nimekuwia, basi, mzigo unashuka. Nilidhani itakuwa hivyo.

Mama aliweka kijiko chini. "Yusufu mwanangu," alisema, "niwie radhi. Mikono yako mimi ndiye nlieiua. Wewe ukanistiri mbele ya watu, usinitaje. Miaka mitano nakuangalia huniulizi. Nami ntakufa lini sijui. Niwie radhi."

Nikaangalia sahani yangu. Nilingoja Yusufu aseme nimekuwia radhi, mama, tumalize, nimpeleke uwanja wa ndege.

Hakusema. Uso ulimwiva, masikio yale makubwa yakawa mekundu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake alichokiokota jikoni kwetu:

"Mama, glavu zako zilifungwa goli moja."

"Moja vipi? Nne!"

"Moja. Kipindi cha kwanza. Mapumziko nikaazima za kipa wa akiba. Nyeupe pia. Mpya, nzuri, zinanata. Hizo ndizo zilizofungwa matatu."

Mimi nilianza kujumlisha na kutoa kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumbe siku ile ofisini hakuwa akimhifadhi mama yangu hata kidogo. Aliulizwa swali, akajibu kweli, na mimi nikabeba aibu ya bure miaka mitano.

"Sasa mbona hukusema?" nikamuuliza, na sikuficha hasira. "Tumekaa humu ndani tunakuonea huruma!"

"Ndiyo hivyo," alisema. Alikuwa akimtazama mama, si mimi. "Kule ofisini nilisema mara moja, nikaona inatosha. Uwanjani mimi kocha. Mtaani mimi kocha. Hapa tu, kwa mama, nilikuwa bado kipa. Kipa mzuri aliyeharibiwa glavu. Kila siku nikasema kesho nitamwambia. Kisha unaleta samaki, na mimi nakuwa kipa tena, mpaka sahani iishe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nimekwisha, mama. Nimekwisha kabla ya Alhamisi."

Mama alimkodolea macho. Nimemjua mama yangu miaka hamsini na kitu, nikasema sasa patachimbika.

"Yaani," alisema pole pole, "vichwa vyote vile, vya changu, vya tasi, vya kolekole, miaka mitano, umekula kwa goli moja?"

"Moja, mama."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, na Yusufu akacheka, na mimi nikajikuta nacheka ingawa kwa haki ningestahili kudai vichwa vyangu. Kisha mama akakoma, akajifunga mtandio vizuri, akanyoosha mkono akamshika Yusufu kiganja, kile kigumu chenye vidole viwili vilivyopinda.

"Hata hilo moja," alisema. "Niwie radhi."

Yusufu aliitikia kwa kichwa kuwa amemwia, akaendelea kuushika mkono ule, mpaka mimi mwenyewe nikainuka nikatoa masanduku yake nikayapakia garini.