Kufuli la Mama Neema

Chekeni tu, maana hata mimi ningekuwa nyinyi ningecheka. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile ya Makambako masikio yananiwaka, na hasira nyingi ni za kujikasirikia mwenyewe, mimi na kimbelembele changu.

Kiwanda cha mbao cha pale kilikuwa cha serikali, kikabinafsishwa, mwenye mali mpya akaleta kompyuta tatu na seva moja, yaani kompyuta ya kutunzia mafaili ya wote, na mimi kijana wa kijiji cha Yakobi mwenye kozi ya miezi sita nikaitwa mtaalamu (mtaalamu!). Sheria za ile seva niliziweka kwa mikono yangu: faili la wafanyakazi lifunguke kwenye kompyuta ya Mama Neema wa utumishi na ya bosi tu, na mmoja akishalifungua linajifunga, mwingine haandiki kitu mpaka yeye atoke.

Sasa Mama Neema alikuwa na ustaarabu wake. Akitoka ofisini hafungi faili, anafunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, anafunga chumba, anaondoka na ufunguo. Asubuhi ile alikwenda kuzika Njombe, na faili lenye majina ya watakaobaki kazini wengine wakipunguzwa kaliacha wazi chini ya kitambaa. Bosi akanijia.

"Ongeza watu kumi na wawili wa msumeno. Alasiri tunasoma majina."

"Mama Neema kalifungia, bosi. Tumsubiri."

"Mtaalamu gani wewe, unamsubiri karani?"

Lo, neno hilo likanichoma! Nikaiingiza kompyuta yangu kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, nikavunja kufuli la faili, nikaandika majina kumi na mawili, nikahifadhi. Laiti ningeishia hapo! Nikatoka kwenda uwanjani kifua mbele mpaka kwa Mzee Mligo, fundi wa msumeno (vidole viwili aliviacha kwenye msumeno ule ule), ambaye kiwanda kingine cha Njombe kilikuwa kimemwita kazini na kinangoja jibu lake siku hiyo hiyo.

"Mzee, umo. Nimekuandika mwenyewe."

Akanishika mkono kwa vile vidole vitatu, kisha akapeleka ujumbe Njombe kwamba haji.

Saa saba Mama Neema karudi, kafunua kitambaa, mbele yake orodha ile ile aliyoiacha asubuhi, bila majina yangu, kasahihisha jina moja, kahifadhi juu ya kazi yangu, kachapa, bosi kasaini bila kusoma, na kipaza sauti akapewa nani? Mimi! Nikasoma kwa madaha mbele ya kiwanda kizima mpaka mwisho wa karatasi, nikaigeuza, nyuma nyeupe. Nikaigeuza tena. Watu wa msumeno wananitazama.

"Nirudie?" nikauliza kama mpumbavu.

"Hata ukisoma kwa Kibena hatumo!" mmoja akapiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Mzee Mligo.

Nikamvaa Mama Neema pale pale. "Umefuta kazi yangu!"

Akashika kiuno. "Mwanangu, ukikuta mlango wangu una kufuli, unavunja? Halafu mimi nikirudi nikakaa kwenye kiti changu, nimekosa nini?"

Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Bosi naye, yule yule aliyenichokoza, akatazama viatu vyake akasema kompyuta ni mambo ya mtaalamu. Nilitamani kumrushia kile kipaza sauti.

Bosi alisaini orodha mpya siku ya tatu. Kumi na mmoja wakarudi kazini. Mzee Mligo nilimfuata mpaka stendi ya Njombe, nikamkuta na godoro lake anarudi kwao Lugarawa, kwenye kile kiwanda cha Njombe nafasi imeshachukuliwa.

"Mzee, umo! Safari hii imesainiwa!" Nikamnyooshea karatasi.

Hakuipokea. "Juzi mke wangu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja," akasema. "Mwanangu, siku nyingine ukiwa na habari njema, kaa nayo."

Akapanda gari. Tangu siku ile nikikuta faili limefungwa nakaa nasubiri, hata mwenyewe awe msibani wiki nzima, na mtu akiniita mtaalamu tunagombana.