Sehemu Mbili za Sahani ya Baba

Jiwe la kwanza lilimpata baba juu ya sikio, na kabla hajainua mkono, la pili lilimng'oa jino. Waliorusha ni vijana wa mtaa wetu hapa Likasi, wengine niliwafundisha kusoma mimi mwenyewe. Ningekuwa na panga siku ile, leo ningekuwa gerezani, na asije mtu kunihubiria msamaha.

Lakini kosa lilianza kwangu. Baba alistaafu kiwandani Shituru na kifua kibovu na ugonjwa wa sukari, na nesi alimwonya hadi akachoka. Ndipo nikaona kwenye simu video ya Kifaransa juu ya wazee wa kisiwa kimoja cha Japani, wanaozeeka sana na bado wanalima. Siri yao, tuliambiwa, ni kuacha kula tumbo likijaa sehemu nane katika kumi, kuwa na marafiki wa kudumu, na kuwa na jambo moja la kukuamsha asubuhi. Baba alikuwa na bustani yake ya lengalenga, mchicha wa kwetu, na marafiki wa kunywa nao chai kila jioni. Tumbo tu ndilo halikuwa na breki. Nikachukua rangi ya kucha nikachora mstari kwenye sahani yake. Alininung'unikia wiki nzima, akaniita mkoloni, kisha akazoea. Sukari ilishuka, nami nikajiona daktari.

Kiangazi kile kijana wa jirani, mchimbaji wa kobalti, alifukiwa shimoni. Walimtoa kwa majembe, na majembe hayakumhurumia. Kwetu kijana akifa hivyo, wapo wasiouliza shimo lilichimbwaje. Wanauliza nani kamla kwa uchawi. Macho huwaendea wazee, kwa kuwa wao wangali hai. Hilo nalijua tangu utotoni, na bado sikumwambia baba asahau somo langu siku ya msiba.

Baada ya mazishi wanaume walizunguka sinia la bukari, ugali wetu, na samaki. Chakula cha kilio huliwa pamoja mpaka sinia lionekane chini. Baba alikula matonge machache, akanawa mikono, akasema ameshiba. Nilimwona kutoka upande wa wanawake na, Mungu anisamehe, nilijivunia.

Kijana mmoja alisimama, macho mekundu kwa pombe.

"Unashiba nini, muzee?"

Baba alimjibu kwa upole kwamba kwa umri wake kidogo kinatosha. Yule akawageukia wenzake.

"Njo maana anashiba. Alishamukula mutoto."

Mawe yakaanza, kisha mateke, kisha mpini wa jembe lililotoka kaburini. Niliusikia mkono wa baba ukivunjika. Nilimlalia juu, nikapiga kelele juu ya sukari, juu ya Wajapani, juu ya sehemu nane katika kumi, na aliyekuwa akinipiga mbavuni akacheka. Wale marafiki wa chai hawakuinuka. Mmoja alivuta mguu wake, damu ya baba isimguse.

Aliyewasimamisha ni mama wa marehemu. Alikuja na sinia lile lile, akaliweka chini mbele yetu.

"Akule," alisema. "Amalize."

Mkono wa baba ulikuwa umevunjika, kwa hiyo nilimega mimi. Nilikata matonge, nikayasukuma katika kinywa kilichopasuka, naye akameza bukari na damu yake mwenyewe. Alipokawia, mpini uliinuliwa tena. Nilimlisha baba yangu kama anayepigilia msumari, mpaka sinia likaonekana chini. Ndipo wakatupisha.

Lengalenga waliing'oa yote kesho yake. Mkono uliunga vibaya. Wale wa chai hawaji tena, wala nisingewafungulia. Mstari mwekundu bado uko kwenye sahani, lakini sukari imepanda tena, na nesi sasa anazungumzia kukata kidole cha mguu. Nimemwomba baba, nimemgombeza, nimelia mbele yake. Kila mchana anabeba kiti chake mwenyewe hadi barazani, anakiweka pale ambapo barabara nzima inamwona, na kuniita mimi bintiye.

"Mama, leta yote. Bantu beko banaangalia."

Ninamletea yote. Anakula mpaka chini, kisha anaiinamisha sahani kuelekea barabarani, kwa sababu anataka kuishi.