Mama Alikuwa Edani Zebaki Iliposhuka

Mimi ni mtu wa kuuliza tangu mdogo. Mama alikuwa akisema nitaolewa na mwanamume atakayechoka kunijibu kabla fungate haijaisha, na kwa bahati nikampata karani wa hali ya hewa, mtu ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja. Kazi yake ilikuwa kupima mvua, joto na upepo, na kuyaandika yote kwenye daftari la serikali. Watu wa Kariakoo hawakuielewa kazi hiyo hata kidogo.

"Mumeo ameajiriwa kutazama mawingu?" jirani yangu aliniuliza siku moja tukichota maji. "Mbona hata mbuzi wangu anayatazama."

Niliudhika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hata mimi sikuielewa kazi hiyo. Basi kesho yake nikajifunga buibui, nikabeba chakula cha mchana cha mume wangu, nikaenda mwenyewe kuona.

Nilikuta kisanduku cheupe uwanjani, kimesimama juu ya miguu minne, na chombo cha kukingia mvua kando yake. Ndani ya ofisi, ukutani, kulikuwa na mrija mrefu wa kioo wenye zebaki. Mume wangu akanieleza kwamba hewa ina uzito. Uzito ukipungua, zebaki hushuka, na ikishuka sana kwa haraka, upepo mbaya uko njiani.

"Uzito?" nikasema. "Mbona siubebi?"

"Unaubeba tangu ulipozaliwa," akanijibu, "ndiyo maana huusikii."

Nilirudi nyumbani nikiyatafakari maneno yale. Wiki nzima nilikuwa nanyoosha mkono uani nikijaribu kuupima uzito wa hewa, na jirani akanitazama juu ya ua.

Masika ya mwaka ule ikaja simu ya upepo, ile isiyo na waya, kutoka pwani ya kusini. Kimbunga kilikuwa baharini, kinapanda kuja kwetu, na zebaki ilikuwa imeshaanza kushuka. Bwana mkubwa wa ofisi, Mwingereza, akaandika tangazo kwa lugha yake, mume wangu akalifasiri, likapewa mpiga mbiu. Mimi nilikuwa jikoni niliposikia pembe inapita mtaani. La mgambo likilia lina jambo, nikaacha mwiko nikatoka.

"Kesho alasiri upepo mkali utaingia mjini!" mpiga mbiu alitangaza. "Utaezua nyumba! Wenye nyumba za makuti na za madebe wahamie nyumba za mawe!"

Nikangoja neno lililobaki. Halikuja. Mpiga mbiu akapiga pembe yake, akapinda kona, nami nikajua mume wangu ameharibu.

Wazee waliokuwa barazani mbele ya msikiti walitazamana. Mmoja akauliza, kesho ni ya nani? Ya karani? Hakukuwa na "inshallah" wala "Mungu akipenda", tangazo limeisema kesho kama mtu anayesema jana. Kwa hiyo hakuna aliyehama. Hata waliokuwa wameanza kufunga mikeka waliifungua, wasije wakahesabiwa kwamba wameiamini zebaki kuliko Mola wao.

Jioni mume wangu aliporudi nilimwekea wali na maneno kwenye sinia moja.

"Wewe mtoto wa Kiislamu, umesoma Kurani chuoni mpaka ukahitimu. Unaitangazia Kariakoo kesho bila kumtaja mwenye kesho?"

Akaliweka tonge chini. "Nilifasiri kama ilivyoandikwa."

"Basi andika wewe."

Na kweli aliandika. Asubuhi alipata ruhusa, akatundika ubao penye lango la soko, akaandika kwa herufi za Kiarabu ambazo wazee wetu waliozoea chuoni walizisoma bila taabu. Kila baada ya saa mbili alikuja kwa baiskeli, akafuta, akaandika upya: zebaki imeshuka tena, upepo umeanza kutoka kusini, alasiri utakuwa mkali, Mungu akipenda. Mpiga mbiu naye akapita mara ya pili na neno lake mdomoni.

Wazee wakaridhika sana. "Ahaa, Mungu akipenda," wakasema. "Basi huenda asipende." Wakaendelea kukaa.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Aliyetuokoa ni mwenye duka mmoja, Mwarabu aliyekaa mtaani petu tangu zamani, aliyekuwa na ghala la mawe nyuma ya soko. Alisimama mbele ya ubao akausoma taratibu, akatazama mbingu, akawageukia wale wazee.

"Asipopenda, mtarudi makwenu," aliwaambia. "Akipenda, mtakuwa wapi?"

Akaenda kufungua ghala lake. Hapo ndipo watu walipoanza kubeba mikeka yao.

Mimi nikakimbilia kwa mama. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeliwa na mvua za miaka mingi. Baba alikuwa amefariki, na mwezi wa pili ulikuwa haujatimia. Mama alikuwa edani, na kwetu mjane akiwa edani havuki kizingiti mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Nilimkuta kwenye mkeka na tasbihi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama umekuja kwa ajili ya upepo, mimi sitoki. Baba yako nitamkalia eda yake kamili."

Nilijua akishasema hivyo hata farasi hawamwondoi. Nikaenda kwa mwalimu wa chuo, nyumba ya tatu, nikamuuliza mlangoni. Akaniambia mjane anaruhusiwa kutoka ikiwa nyumba ni ya hatari, lakini awe na hakika. Uvumi wa mtaani hautoshi.

Hakika! Nikajiambia, hiyo ninayo nyumbani kwangu. Nikamvizia mume wangu anatoka kwenye ubao, nikamshika baiskeli, nikamleta. Alisimama mlangoni ameinamisha macho, kama mkwe anavyotakiwa asimame, akaamkia. Nikamweleza mama maneno ya mwalimu. Mama akayafikiri, kisha akamuuliza mkwewe, "Baba, una hakika nyumba hii itaanguka?"

Nikamtazama kwa macho yote mawili. Siku moja kabla angejibu bila kufikiri.

"Mama, hakika sina," akasema. "Zebaki inasema upepo unakuja. Haisemi utapita wapi. Mungu ndiye ajuaye."

"Ahsante baba. Nenda kazini kwako."

Akaenda, maana ilimbidi ausome ule mrija kila saa. Mimi nilibaki nimekasirika mpaka masikio yakawaka moto. Adabu ya kusema nimemfundisha mwenyewe, na amekuja kuitumia hapa, siku hii! Nikavua makubadhi yangu, nikayatupa pembeni mwa mlango, nikajishusha kwenye mkeka kando ya mama na mimba yangu ya miezi saba. Makuti yalikuwa yameshaanza kupiga kelele juu yetu.

"Mimi hakika ninayo," nikasema. "Nimeuona ule mrija leo kwa macho yangu. Zebaki imeshuka mpaka chini. Mume wangu anakuonea haya tu."

"Umeuona?"

"Wallahi."

Sikuwa nimeuona tangu siku ile ya chakula. Mama alinitazama sana, akatazama mlango, akanitazama tena. Halafu akaitia tasbihi mfukoni, akajitanda shuka gubigubi, akasema, "Nipe mkono."

Ghalani wanawake tulitengewa upande wetu, tukatundika khanga katikati ya magunia ya mchele. Upepo uliingia wakati wa magharibi. Ulivuma, mvua ikaja ya ubavu, madebe yakawa yanaruka mitaani, na mimi katikati ya hofu yangu nilikuwa najiuliza saa hizi zebaki iko wapi. Kulipopambazuka, hali ilikuwa imetulia. Ubao ukasema kimbunga kimegeukia baharini, kimetugusa kwa pindo tu, alhamdulillahi.

Nyumba chache za mtaa ziliezuliwa. Ya mama ilikuwa imesimama vilevile. Hata kuku aliyekuwa akiatamia jikoni hakuwa amehama mayai yake. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta ufa, na Mungu anisamehe, nilitamani angalau ule ukuta wa nyuma uwe umeanguka.

Wazee walimtania mume wangu mpaka msimu wa mavuno ukakaribia. Yeye alitabasamu, akaendelea kuandika ubao wake. Mama alirudi kwenye mkeka wake na tasbihi yake, na mimi wallahi yangu ilinikaa kooni miezi yote iliyobaki. Nilijifungua nayo.

Siku ya kutoka eda ilipotimia, wanawake wa mtaa walifika na udi na maji ya kuogea. Mama akawarudisha. "Bado siku moja," akawaambia. Walidhani amekosea kuhesabu kwa ajili ya huzuni, wakaondoka wakimhurumia. Mimi nilijua anailipa siku ile ya ghalani, nikabaki, nikamlaza mtoto, nikakaa mbele yake. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Mama, ule mrija sikuuona."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipofungua mdomo. Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Sasa kwa nini ulitoka?"

Akaokota punje ya mchele, akaitazama, akaitupa nje.

"Ulivua makubadhi," akasema. "Ukakaa hapo na tumbo lile. Mwalimu alitaka niwe na hakika, na hakika nilikuwa nayo. Nisipotoka mimi, wewe hutoki."