Kila Saa Nane

Fundi wetu mzee wa nguo hapa Kabati hushona akiwa amebana pini midomoni, kwa hivyo maneno yake hutoka madogo madogo. Simbilisi wake, kanyama kadogo kama sungura asiye na mkia, aliumwa mguu na paka, na fundi akamlaza kwenye katoni kando ya cherehani, juu ya vipande vya sare za shule. Kasiva, jirani yake mwenye mtoto mchanga, ndiye aliyemsomea karatasi ya dawa, maana fundi hajui kusoma. "Imeandikwa kila saa nane, susu," alisema, akimwita bibi kwa Kikamba. Basi kila siku, saa nane mchana ikifika, cherehani ilinyamaza. Fundi alitoa pini, akajifuta mikono kwa leso, akamdondoshea mnyama dawa kwa bomba la sindano. "Meza, mwanangu. Usinitemee kama bwana harusi mlevi."

Siku ya sita mguu ulikuwa umeoza. Fundi na Kasiva walimpeleka kwenye duka la dawa za mifugo, na mwenye duka akaiinua chupa. "Mbona bado imejaa? Kila saa nane ni mara tatu kwa siku!" Kasiva akafungua mdomo. "Ni mimi, daktari," fundi akamwahi. "Nilisoma vibaya. Macho haya." Simbilisi alikufa alfajiri. Mchana wake, saa nane, Kasiva alisikia cherehani ikinyamaza ng'ambo ya ukuta. Alimpakata mtoto, akangoja, na haikuanza tena upesi.