Mdogo Mtu wa Handeni

"Mmea wowote wenye utomvu mweupe, nikiuonja tu nakutajia mama yake, shangazi yake na mahari aliyotolewa! Siku nikikosea, nakunja mkeka huu nauza nyanya kama hawa."

Hayo Swaumu aliyasema kwenye spika, gulio la Makuyuni likiwa limefurika, huku akiwanyooshea kidole wauza nyanya waliokuwa kando yake. Watu wakacheka. Raheli, mwenye nyanya wa karibu kabisa, hakucheka. Alisema tu, "Mungu anasikia, shoga, na betri ya spika bado ina moto."

Swaumu aliuza mizizi. Kazi aliirithi kwa bibi yake kule Handeni, akaja nayo Makuyuni alipoolewa. Mume aliondoka, mizizi ikabaki. Uliotoka zaidi ulikuwa mzizi wa mtambao unaoota kwenye miamba ya Lutindi, dawa ya tumbo, na tangu watu waujue umekuwa wa kusakwa kama mkwe aliyekimbia mahari. Sasa wauza mizizi wana desturi yao: kila dawa ina mdogo wake. Mkubwa akikosekana, mdogo anakalia kiti. Ili kumjua mdogo unapima utomvu, manyoya ya mbegu na harufu ya mzizi. Vyote vikikubaliana, hao ni tumbo moja. Swaumu alishampata mdogo huyo kwenye vichaka vya Handeni. Wamefanana mpaka jani.

Halafu akaja Yusra, binti wa Handeni anayesomea mimea chuo kikuu. Alitaka majani ya jamii nzima ya utomvu mweupe akayapime DNA. Neno hilo lilipotajwa gulioni, wanaume kadhaa walikumbuka ghafla kwamba wana safari. Kumbe binti wa watu anatafuta ukoo wa magugu. Swaumu akamwongoza, Lutindi mpaka Handeni, na kila jani likatiwa kwenye kifuko chenye vile vipunje vinavyokaa ndani ya boksi la viatu vipya, likauke upesi lisioze.

"Unajichosha bure, mwanangu," Swaumu alimwambia. "Hawa wawili ni ndugu. Mimi nimekwambia bila mashine."

"Na mashine nayo tuiulize, mama. Isije ikanuna."

Miezi ikapita. Mzizi wa Lutindi ukaisha mkekani, na siku ya gulio asubuhi, kwa mara ya kwanza, Swaumu akamkalisha mdogo mtu kitini. Fungu moja tu likanunuliwa, na Filomena wa Vugiri, kwa ajili ya baba mkwe wake, mzee Simeo, ambaye tumbo lilikuwa likimsokota. Mchana Yusra akatokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, mashine inasemaje? Njoo iseme kwenye spika, wasikie."

"Tuongee pembeni kwanza."

Swaumu akazima spika. Yusra akachuchumaa, akachora vumbini shina lenye matawi mengi. Ndani ya kila mmea, alisema, kuna maandishi ya kurithi, na kadiri mababu walivyoachana zamani, ndivyo maandishi yanavyozidi kutofautiana. Akagusa tawi moja. "Huyu ni wa Lutindi." Kijiti kikavuka mchoro wote mpaka upande wa pili. "Wa Handeni yuko huku."

"Wanafanana hao!"

"Ukame umewavalisha sare moja, mama. Kwani wanafunzi wa shule moja wote ni wa baba mmoja?"

Swaumu akatazama lile tawi la mbali. "Na huyo aliyelala naye jirani ni nani?"

Yusra akamtajia. Swaumu alimjua. Ni ule mmea ambao wafugaji huwachapa mbuzi wasiusogelee, maana mbuzi akiula, moyo wake husimama kabla mwenye mbuzi hajamaliza kulaani.

"Kuwa nduguye mwizi si wizi," Yusra akawahi kusema. "Sumu yake sijaipima. Lakini si wa kunywewa kwa kudhania."

Swaumu alikuwa ameshashika simu. Ya Filomena haipatikani. Na dawa ile huchemshwa mtu akifika nyumbani, hunywewa ya moto. Alitazama mkeka wake, akatazama gulio lote, kisha akawasha spika.

"Jamani! Nani kamwona Filomena wa Vugiri? Mzizi niliomuuzia usinywewe. Nimekosea."

Raheli, aliyekuwa na haki zote za kucheka, akasimama akapiga kelele: "Kapanda mlima muda mrefu huyo! Ramadhan, washa pikipiki, acha kushangaa!"

Njia ya Vugiri ni kona na mawe. Nyuma ya Ramadhan, Swaumu alikuwa akinong'ona mfululizo.

"Mama, unaniombea au unanitukana?"

"Vyote. Ongeza mwendo."

Walipofika, moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Mzee Simeo alikaa barazani, kikombe cha bati mkononi.

"Mzee, umekunywa?"

"Hata hodi hakuna?"

"Hodi, shikamoo, umekunywa?"

"Marahaba. Nyie Wazigua mna haraka, mtazikwa kabla ya kufa." Akachungulia kikombe. "Nimeonja. Kikali mno. Nimemtuma Filomena asali."

Swaumu akamnyang'anya kikombe, akamwaga, akaingia jikoni akamwaga na sufuria. Mzee akapakiwa kwenye pikipiki mpaka zahanati. Muuguzi akamsikiliza moyo, akarudi kuusikiliza, tena na tena. Swaumu alikaa chini ukutani, hakuonja hata maji. Jua lilipoanza kushuka, mzee akauliza kama hospitali hiyo ina ugali au ina maswali tu.

"Mzima huyu," muuguzi akasema.

Gulio lililofuata watu walijaa kumtazama Swaumu atasema nini. Alikuja bila mkeka na bila spika, tenga kichwani. Raheli akasogea kumpa nafasi.

"Kaa hapa, shoga. Ila usizipange kwa koo, mimi nazipanga kwa ukubwa."

Mpaka leo kuna wateja wanaoinama na kumnong'oneza, mama, ule mzizi wa tumbo. Swaumu huwaonyesha alichonacho. Nyanya, fungu shilingi mia tano.