Usiku Mmoja wa Zamu Yangu

Mume wangu aliondoka nyumbani kwangu Tandale akiwa bado ana usiku wangu mmoja. Tulikuwa wake wawili, na zamu zetu zilikuwa za siku mbili mbili: siku mbili kwangu, siku mbili kwa mke mwenzangu kule Mbagala. Usiku wa kwanza alilala kwangu. Wa pili nilikuwa nimeshaununulia samaki, nazi nimeshaikuna, mara kampuni yao ikapiga simu kwamba tiketi imebadilishwa na anatakiwa uwanja wa ndege mchana huohuo. Alikuwa fundi wa majenereta. Walikuwa wanampeleka nchi ya mbali kufunga mitambo, kazi ya miezi michache. Nikamsindikiza mpaka barabarani nimenuna.

"Umeondoka na usiku wangu," nikamwambia.

"Hata hilo nalo unalihesabu?" akacheka, akapanda bajaji.

Nalihesabu, ndiyo. Asiyewahi kuishi uke wenza ataniona mjinga, na aendelee kuniona. Bi mkubwa aliolewa naye tangu yule bwana anajifunza ufundi, hana hata spana yake mwenyewe. Amemzalia watoto ambao sasa ni watu wazima. Anajua alivyokuwa kijana, anajua marehemu mama yake alivyokuwa akiongea, anajua kovu la mgongoni alilipata wapi. Mimi nilimkuta mtu tayari ana mvi. Sikujaaliwa mtoto. Nilichokuwa nacho kwake ni zamu yangu basi, na katika zamu yangu sikumsamehe mtu hata saa moja.

Haikupita muda mrefu bi mkubwa akaja Tandale. Hajawahi kukanyaga kwangu tangu niolewe. Nilikuwa kwenye meza yangu ya nazi sokoni, nikamwona anakuja katikati ya watu, baibui limejaa vumbi, mkononi kashika simu yake kama kashika yai. Mimi humwamkia kila nikimwona, maana ni mkubwa kwangu, ingawa shikamoo yenyewe ilikuwa inatokea meno yamebana. Siku hiyo hakuisubiri.

"Mume wetu kakamatwa," akasema.

Miaka yote alikuwa akisema "mume wangu", hata mbele yangu. Sasa kumbe akipatwa na balaa anakuwa wetu. Lakini hilo nililifikiria baadaye. Neno la kwanza lililonitoka ni hili: "Kakupigia wewe?"

Alikuwa amempigia yeye. Walimnyang'anya simu, wakamruhusu kupiga mara moja, na namba pekee aliyokuwa nayo kichwani ni ya Mbagala. Yangu asingeikumbuka hata kwa dawa, kwa sababu nilikuwa nabadilisha laini kila nikisikia mtandao fulani una ofa ya vifurushi. Bi mkubwa ana laini ileile tangu simu zina antena. Nikakaa chini pale pale kwenye gunia la nazi. Wateja walidhani nalia kwa ajili ya mume kukamatwa. Nililia kwa hilo pia.

Habari yenyewe tulielezwa na ofisa mmoja wa serikali, kijana mpole aliyetukaribisha viti viwili na kutuita mama, wote wawili. Nchi ile ilikuwa imegombana na nchi wanakotoka wenye kampuni. Kuna mtu wao mkubwa alikuwa amefungwa huko kwa wenye kampuni, nao wakawakusanya wafanyakazi wa kampuni ile, wakawapa kesi ya upelelezi.

"Kwa hiyo wanasema mume wetu kapeleleza nini?" bi mkubwa akauliza.

"Hajapeleleza kitu, mama. Hata wao wanajua hana kosa. Wanamshikilia ili wale wengine walegee."

Nilimwelewa haraka. Kwetu mtu akigombana na jirani humfungia mbuzi wake mpaka wayamalize. Ila huyu mbuzi wala hakuwa wa jirani. Alikuwa wa watu wengine kabisa, alikuwa anapita zake njiani. Nikamwambia hivyo yule kijana, akaangalia meza yake, akasema ndivyo, mama, na kwamba serikali yetu inafuatilia.

Wenzake waliokamatwa naye walikuwa wahandisi wa nchi yenye kampuni. Mke wa mmoja wao tulimwona kwenye televisheni kwa jirani yangu, amesimama pembeni ya rais wa kwao, na rais analitaja jina la mumewe kwa kinywa chake, kwamba hatalala mpaka arudi. Nilimwangalia yule mama, nywele zimechanwa vizuri, machozi yake yanasubiriwa na kamera, nikamwonea wivu. Mume wake alishikwa kwa sababu ana thamani. Wangu alishikwa kwa sababu alikuwa chumba kimoja nao akila chakula cha mchana. Hata nyumba ya tatu kutoka kwangu walikuwa hawajui kama kakamatwa.

Simu ndiyo iliyotaka kututoa roho. Ofisa alituambia wanaweza kumruhusu kupiga tena, siku yoyote, saa yoyote, kwa namba ileile, dakika chache huku mlinzi anasikiliza. Bi mkubwa akaitia ile simu kwenye mkoba wake akaufunga zipu. Mimi nikamwambia, mbele ya yule kijana, kwamba mwanaume akiwepo tunamgawana, na asipokuwepo tutaigawana simu yake. Nilitegemea atang'aka. Akasema, "Sawa. Siku mbili mbili."

Ndipo simu ikaanza kukaa zamu kama mume. Siku mbili ikilala Mbagala, siku mbili ikilala Tandale. Tulikutana Kariakoo kukabidhiana, yeye akitoka kwake mimi nikitoka kwangu, na kila mmoja akikagua chaji kabla ya kupokea. Ikifika kwangu naipangusa. Naiweka juu ya mto. Nilikuwa nabeba nazi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu, wateja wakinitania kwamba nimepata mchumba mpya. Haikulia. Ikirudi Mbagala, inalia. Ikaenda hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bi mkubwa alinihadithia kila alichosema: kapungua, anakula, anawasalimu. Mimi namsikiliza huku namwangalia macho, natafuta alichobakiza. Mume na mke hawawezi kuongea dakika zote hizo wakaishia kwenye chakula.

"Hakuniulizia?"

"Kakuulizia. Nimekwambia kawasalimu nyote."

"Nyote ni nani? Mimi na nani?"

"Mdogo wangu, mie nina presha," akasema, akaondoka zake.

Ilipolia kwangu nilikuwa nafua. Niliipokea mikono ina povu, ikaniponyoka, nikaidaka. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa amekaa wima sana. Akasema dada, maana alidhani ni bi mkubwa, humwita hivyo mbele za watu. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Alhamdulillahi." Neno hilo moja nimelichambua kuliko msahafu, Mungu anisamehe. Nilikuwa na mengi ya kumuuliza: wanampiga, analala wapi, wakili yupo. Nikajikuta namuuliza, "Unaukumbuka usiku wangu?"

Nikasikia mtu mwingine anaongea nyuma yake, nadhani mlinzi.

"Naukumbuka," akasema. "Nikitoka, naanzia kwako."

Simu ikakatika. Nikarudi kwenye beseni, nikazifua zile nguo upya, hata zilizokwisha takata.

Nilimwambia bi mkubwa siku ya kukabidhiana, na nilimwambia kwa makusudi, neno kwa neno. Akasema safari inafuta zamu, mume akirudi safari huanza kwa mke mkubwa. Nikamwambia hiyo ni sheria ya Mbagala. Tukaanza kubishana katikati ya njia, watu na mikokoteni yao wanatukwepa, mwishowe tukaenda kwa shehe mmoja anayeheshimika kwetu Tandale. Akatusikiliza wote, akavua miwani.

"Mtu yuko gerezani, nyie mnamgawana?"

Akairudisha miwani machoni.

"Arudi kwanza. Akirudi, njooni watatu."

Bi mkubwa aliona aibu. Mimi sikuona. Yule shehe ana wake watatu, na ninajua kila mmoja anajua siku yake.

Wakubwa wakapatana. Sisi tulisikia kama watu wote, kwenye redio: mfungwa wao atatoka huku, na wahandisi watatoka kule, wakutane katikati. Jina la mume wetu halikutajwa. Yule kijana wa ofisini akatupigia akitweta kwa furaha: naye yumo, wamemwachia pamoja na wale. Mimi muuza nazi naijua hali hiyo. Mteja akishanunua, unamwongezea nazi moja ndogo, kwa kuwa huna sababu ya kuirudisha nyumbani. Lakini nilipiga vigelegele, na jirani zangu wakaitikia.

Nikajiandaa. Mashuka mapya, udi, chumba nikakipiga rangi mwenyewe nikasimama kwenye ndoo. Samaki nikanunua wa aina ileile. Nilijua bi mkubwa naye anapika, nilikuwa nausikia ule wasiwasi wake mpaka Tandale, na nilifurahi, kwa mara ya kwanza nilikuwa mbele yake na ahadi ya mume mwenyewe mkononi.

Uwanja wa ndege tulikwenda sote wawili pamoja na wifi yetu, dada yake wa Pugu. Akatoka nyuma ya watu wengine akiwa na mfuko mmoja wa karatasi. Suruali ilikuwa si yake. Akampa mkono bi mkubwa, akanipa mimi, mkono uleule, muda uleule, mwepesi. Nikabaki nasubiri aseme Tandale. Bi mkubwa naye, najua, alikuwa anasubiri aseme Mbagala. Akamgeukia dada yake.

"Nipeleke kwako. Naomba chumba chenye komeo la ndani. Nilale peke yangu."

Wifi akachukua ule mfuko wa karatasi.

Samaki wangu nikawagawia majirani. Mwanzo nilimwonea wivu wifi, kwa kuwa wivu lazima ukae mahali. Kila asubuhi nilifunga meza mapema nikaenda Pugu, na kila siku nilimkuta bi mkubwa kaja kabla yangu. Tukawa tunapika pamoja uani kwa wifi, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha mume wetu. Chakula tunakiweka mlangoni, tunagonga, tunaondoka hatua kadhaa, komeo linalia, mkono unatoka. Akitoka nje jioni anakaa nasi kwa adabu, anatushukuru kama watu waliomkaribisha ugenini. Nilimkumbusha ahadi yake siku moja, kwa sauti ndogo, bi mkubwa akiwa kisimani.

"Nilisema hivyo?" akaniuliza. Hakuwa anatania. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyetoka kifungoni. "Nisamehe. Mle ndani ukipewa simu unasema chochote, ili mtu wa upande wa pili asilie."

Sikulia. Nilimwambia haina neno. Nikaenda kukoka moto ambao ulikuwa unawaka tayari.

Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akipigiwa simu. Wifi alituambia ni mtu waliyefungwa naye chumba kimoja, raia wa nchi nyingine, naye alikuwa kakamatwa hivyohivyo, kwa ugomvi wa watu wengine, naye kaachiwa. Wanaongea lugha waliyojifunza humohumo gerezani. Hatukuwahi kumwona huyo mtu, wala hatujui ana sura gani.

Siku moja tulikuwa tunachambua mchele, bi mkubwa na mimi, mkeka mmoja, ungo mmoja. Simu ikaita dirishani juu yetu. Akapokea. Tukamsikia anaongea haraka haraka, maneno yanafuatana, mtu ambaye kwetu alikuwa anajibu ndiyo na hapana. Halafu akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha kuniaga kwenye bajaji. Kilitoka tumboni, kikapanda, kikakatika kwa kukosa pumzi, kikaanza tena. Nikahisi wivu ule ule wa siku zote, na safari hii sikuwa na wa kumgombeza.

"Anacheka nini?" nikamuuliza bi mkubwa.

Alikuwa kaacha kuchambua, mkono uko juu ya mchele.

"Sijui," akasema. "Mie tangu anioe sijawahi kumsikia akicheka hivyo."

Miaka yote nilitamani nimsikie mwanamke yule akikiri kuna kitu cha mume wetu asichokijua. Sasa alikuwa amekiri, machozi yanamlenga, na sikujua kukiri kwake nikufanyie nini. Nikasogea mpaka bega langu likamgusa. Hakujitoa. Tukakaa hivyo tunasikiliza, shingo tumeinua, hatuelewi hata neno.

Nadhani alihisi tunamsikiliza. Alitutazama chini, akatabasamu kwa adabu yake ile, akanyoosha mkono akafunga dirisha.